Kelele Nyuma ya Sauti ya Mama

6 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko bwawani, wewe na mitambo yako ya umeme. Sisi huku hatujambo kiasi. Paka wa jirani amezaa tena chini ya ngazi yetu, na mwenye nyumba bado anaahidi kuziba lile bati la jikoni linalovuja. Mimi niko palepale kwenye duka la kuchapa na kunakili, nashinda nimesimama mpaka jioni miguu inawaka moto. Mama anakusalimu. Anasema, "Mwambie mdogo wangu Waya aache kula makopo ya kambini, atakuja kuota kutu tumboni."

Sasa Mjomba, kuna neno. Ule mkwaruzo wa koo la Mama, ambao sote tulidhani ni vumbi la stesheni na kutangaza treni miaka nenda rudi, si vumbi. Daktari ameona uvimbe kwenye kile kisanduku cha sauti cha kooni. Ni saratani, ule ugonjwa wenyewe. Mwanzoni mwa Mei watampasua na kukiondoa chote. Wanasema atapona, ila hatasema tena. Mama aliposikia aliuliza swali moja tu: "Na treni ya asubuhi nani ataitangaza?" Daktari hakujua acheke au afanyeje.

Hapo hospitali kuna mtaalamu wa sauti, dada mmoja mpole sana. Ametupa programu ya kompyuta. Mama asome sentensi, mamia kwa mamia, programu izihifadhi. Baada ya upasuaji akiandika maneno kwenye kifaa, kifaa kiyatamke kwa sauti yake yeye. Ameiweka kwenye ile kompyuta uliyotuungia wewe, na amesema programu haihamishiki kwenda kompyuta nyingine mpaka kazi iishe. Lakini kila sentensi inakataliwa. Mama anasoma vizuri kabisa, inatokea alama nyekundu: "Kelele nyingi. Rudia." Tumefunga madirisha, tumezima feni, tumemwomba jirani apunguze redio. Wapi. Nikivaa hedifoni naisikia kelele, na iko humohumo kwenye kompyuta.

Nimepiga simu ya ofisi yenu, karani akasema uko mitamboni. Najua huko bondeni simu za mkononi hazishiki, lakini amesema Jumapili mnaruhusiwa kupigiwa. Mama anataka kuongea nawe wakati bado anaweza. Tuambie Jumapili ipi.

Mpwa wako.


24 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Lori la mahitaji lilikwama kwenye tope, barua yako imenifikia juzi ikinuka mafuta ya taa. Mimi mzima. Bwawa limejaa, mashine zote zinazunguka bila kupumzika, na sisi tunazunguka nazo. Tumeletewa mpishi mpya. Anaunguza kila kitu isipokuwa chai.

Habari za Dada nimezisoma. Nilikunja barua nikaenda kukaza nati ambazo hazikuwa zimelegea. Sasa niseme lile ninalolijua.

Kelele za kompyuta ziko za namna nyingi, na kila moja ina kwao. Usiniandikie "kelele" tu, niandikie inavyolia. Je, ni nzito, nguuu, kama friji kuukuu? Au nyembamba, tiii, kama mbu sikioni? Au inakwaruza, chrrr, chrrr? Halafu sogeza kipanya. Mlio ukibadilika kipanya kikitembea, ujue umeme wa mazabodi, ule ubao mkubwa wa ndani unaobeba kila kitu, unavuja na kuingia kwenye njia ya sauti. Halafu gusa boksi la chuma kwa mgongo wa vidole. Ukihisi linakutekenya, basi nyumba yenu haina ethi, yaani waya wa kupeleka umeme uliopotea ardhini. Mwisho vua hedifoni, inamisha sikio karibu na pawasaplai, lile boksi dogo lenye feni kwa nyuma. Mlio ukisikika hata bila spika, hiyo ni shida nyingine kabisa.

Usiifungue pawasaplai. Hata ikichomolewa kwenye soketi bado inaweza kukurusha. Wewe ni mpwa wangu wa pekee.

Jumapili naona nina zamu.

Mjomba wako.


9 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Hatujambo, bati bado linavuja, vitoto vya paka vimefumbua macho. Wenzake Mama wa stesheni walikuja wote na makoti yao ya kazi, wakajaza sebule, wakakaa wanaangalia sakafu. Ikabidi yeye mgonjwa ndiye awachangamshe.

Umeniuliza ni mlio upi kati ya ile mitatu. Yote mitatu, Mjomba. Nguuu ipo muda wote, chini kabisa, kama lori limesimama nje bila kuzima injini. Chrrr inakuja kipanya kikisogea. Mama aliona ni mchezo, akawa anakizungusha huku na huku na kusema, "Sikia, anajikuna." Boksi linatekenya, tena si kidogo. Na tiii nayo ipo, nyembamba kama sindano, hata hedifoni zikiwa mezani. Mama anasema hiyo imekuwepo tangu siku ulipotuletea kompyuta. Yeye alidhani ndivyo zinavyopumua.

Sentensi zenyewe ungezisikia ungecheka. "Tafadhali fungua dirisha la kushoto." "Binamu yangu ana mbuzi mweusi." Mama anazisoma zote kama anatangaza treni, anavuta mwishoni, na mimi namkumbusha asome kawaida. Anajibu, "Hii ndiyo kawaida yangu." Sauti yake bado ni yake asubuhi. Ikifika alasiri inakatika kama kitambaa kilichochoka, naye anaomba maji na kusema tuendelee kesho. Kesho tunaanza upya, na alama ni nyekundu.

Hukujibu vizuri habari ya simu. Zamu haziwezi kuwa Jumapili zote.

Mpwa wako.


22 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Umefanya kazi safi, kuna mafundi niliofanya nao kazi hapa wasingeweza kunielezea hivyo.

Twende na chrrr kwanza. Bila shaka mmechomeka maikrofoni kwenye tundu la mbele. Tundu hilo limeungwa kwa kiwaya chembamba kinachopita juu ya mazabodi yote, kinaokota takataka njia nzima. Hamisha uchomeke nyuma. Hata hivyo, ninakutumia kadi ndogo ya sauti ya kukaa nje ya kompyuta. Nimempa dereva wa lori, iko ndani ya soksi, na soksi ni safi. Ichomeke kwa waya mrefu, ikae mbali na boksi.

Nguuu ni ethi. Mwite fundi umeme akague fimbo ya shaba iliyochimbiwa nje ya nyumba. Nyumba za zamani fimbo imeshaliwa zamani au mtu ameing'oa akauza. Asikudanganye kwa kubadilisha soketi peke yake.

Hiyo tiii ndiyo inanisumbua. Niandikie ni kali kiasi gani, na kama inazidi kompyuta ikiwa imetulia au ikiwa kazini. Mlio mwembamba namna hiyo siujui vizuri.

Mwambie Dada asome asubuhi tu na atunze koo. Mwambie namkumbuka. Jumapili hizi kazi imebana.

Mjomba wako.


6 Aprili

Mjomba,

Shikamoo.

Kadi imefika, na soksi nimeifua. Chrrr imekwisha kabisa. Fundi umeme naye alikuja, mzee mmoja mwenye kilemba cha taulo, akachimba nyuma ya jiko akatoa kipande cha waya kilichokuwa hakijafungwa kwenye kitu chochote. Akasema, "Nyumba hii ilikuwa inaomba dua tu." Amechimbia fimbo mpya. Boksi halitekenyi tena na nguuu imeondoka. Siku ile Mama alipiga makofi.

Imebaki tiii. Inazidi kompyuta ikitulia, na ndiyo inayotukwamisha, kwa sababu inaingia kwenye maikrofoni kwa njia ya hewa. Tumefunika boksi kwa blanketi likapata joto likajizima. Mama amekonda. Sasa asubuhi yake ni fupi kuliko zamani, anasoma sentensi chache halafu ananiashiria kwa mkono kwamba basi.

Sasa nikuambie la Jumapili, maana sijui kama unajua tulivyojisikia.

Tulipiga simu. Karani akasema subirini, yupo, nakuitieni. Tuliweka kwenye spika. Tukasikia mlango, tukasikia buti zako, Mama akatabasamu kwa sababu anajua unavyoburuta mguu wa kulia. Tukasikia unainua simu. Mama akasema, "Waya? Waya, ni mimi." Ukanyamaza. Akarudia kwa nguvu, ile nguvu anayotakiwa kuitunza. "Mdogo wangu, unanisikia?" Tulikuwa tunakusikia unavyohema. Halafu ikakatwa, tena upande wako.

Mama amesema nisikuandikie habari hizi. Anasema una sababu zako. Mimi sizijui, na sitakuficha kwamba nimekasirika. Huyu ni dada yako, ndiye aliyekulea. Ana wiki chache za kusema. Wewe unatutumia soksi.

Mpwa wako.


15 Aprili

Mpwa wangu,

Barua yako nimeipata.

Tiii inatoka kwenye koili, nyaya zilizosokotwa ndani ya pawasaplai na kwenye mazabodi. Umeme unazitetemesha, zinalia. Si hatari, ila haizimiki kwa kufunikwa. Kubadilisha pawasaplai kunaweza kusaidia au kusisaidie, na nyingine ikaja inalia zaidi. Msipoteze siku. Itoeni kompyuta chumbani. Boksi likae chumba cha pili, mlango ufungwe, skrini na maikrofoni vibaki kwa Dada. Nyaya ndefu pitisheni chini ya mlango, na kadi ya sauti ikae upande wake. Duka lenu la kuchapa haliwezi kukosa nyaya za namna hiyo.

Habari ya simu sina la kusema kwa sasa.

Mjomba wako.


28 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Sina habari nyingine za kukusimulia, nianze tu.

Nilifanya ulivyosema. Boksi nililipeleka chumbani kwangu, nyaya zikapita chini ya mlango, nikaziba upenyo kwa magauni yangu. Nikarudi nikakaa na Mama, nikavaa hedifoni. Mjomba, kulikuwa kimya. Sijawahi kusikia kimya cha namna ile. Nilisikia pazia, nikasikia Mama anavyomeza mate.

Akasoma, "Tafadhali fungua dirisha la kushoto." Ikatokea alama ya kijani.

Nilipiga kelele za furaha peke yangu. Mama alikuwa ananiangalia. Akasema kwa ule mnong'ono wake wa sasa, "Icheze." Nikaicheza. Ilikuwa safi, hakuna hata chembe ya uchafu, na haikuwa sauti yake. Ni mkwaruzo na pumzi. Wiki zote zile sauti ilikuwepo, kelele ikaikataa. Sasa kelele imeondoka na sauti nayo imeondoka. Niliwaza vitoto vya paka, niliwaza bati la jikoni, niliwaza kitu chochote kile nisilie mbele yake.

Tuliendelea siku chache. Mtaalamu wa sauti alizisikiliza zote akashika mkono wangu. Zilizokubaliwa hazitoshi, tena sauti haifanani. Kifaa kitatumia sauti ya mwanamke mwingine, iliyotengenezwa kiwandani. Na upasuaji wameuwahisha, ni kesho, kwa sababu Mama ameanza kukosa hewa.

Leo baada ya chakula cha mchana aliifunga ile programu. Akasema, "Mbuzi wa binamu basi." Akaniomba nimfungulie kinasa sauti cha kawaida nitoke nje. Nilikaa ngazini. Alipomaliza aligonga meza. Amesema ni yako, nisisikilize, na sijasikiliza. Iko kwenye hiyo flashi niliyoibandika kwenye barua hii kwa karatasi ya gundi. Kompyuta ya ofisi yenu itaifungua.

Sikiliza, Mjomba. Hilo tu ndilo ninalokuomba.

Mpwa wako.


14 Mei

Mpwa wangu,

Flashi imefika. Nimeichomeka kwenye kompyuta ya ofisini wakati karani amekwenda kula. Niliona ile mistari ya sauti ikipanda na kushuka kwenye skrini. Inaonekana ameongea muda mrefu, katikati kuna mahali amenyamaza, halafu mistari ikarudi midogo sana. Niliongeza sauti mpaka mwisho. Niliweka spika kifuani, nikaweka kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Nilihisi inatetemeka. Sikusikia kitu.

Sisikii, mpwa wangu. Si leo wala jana. Mashine za bwawani zimenila masikio kidogo kidogo. Milio myembamba ndiyo ilitangulia kuondoka, sikujua hata kama imeondoka. Hiyo tiii huenda ililia mbele yangu siku ile ninaiunga kompyuta, nami nikajisifu kwamba imetulia. Baadaye zikaondoka sauti za wanawake, halafu za watu wote. Hapa tunaongea kwa mikono kwa sababu ya makelele, hakuna aliyegundua. Mitambo naijua kwa kuishika. Ndiyo maana nilikuwa nakuomba uniandikie milio inavyolia. Nilikuwa nasikia kwa barua zako.

Siku ile ya simu niliikimbilia. Nilisema labda kwa Dada nitasikia, sauti yake ninaijua, labda masikio yatakumbuka. Nikaiweka sikioni. Nilijua anaongea, kwa sababu karani alikuwa ananiangalia na kutabasamu. Nilingoja. Ningesema nini? Ningemwambia mtu anayepoteza sauti yake kwamba mimi nilishaipoteza kabla yake? Nikakata.

Sasa nimemwambia mkuu wa kituo, nimemwandikia. Wameniondoa kwenye chumba cha mitambo, nimewekwa stoo, na sina ruhusa ya kuondoka mpaka daktari wa kampuni aje anipime. Hakuna ajuaye atakuja lini, barabara imekatika tena. Barua hii itasubiri na lori kama mimi.

Mpishi amejitolea kusikiliza aniandikie. Ni mtu mwema, lakini maneno ya Dada sitaki yapite kwa mtu baki. Kwenu lazima nakala ipo. Nakuomba uisikilize wewe, uniandikie neno kwa neno, hata penye kikohozi andika kikohozi. Na uniambie upasuaji umekwendaje. Nimekaa hapa na maboksi ya bolti, siwezi kumfikia, siwezi kumsikia, siwezi hata kumpigia simu nimwombe radhi.

Mjomba wako.


2 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nyingi, mara ya kwanza nimesimama dukani na wateja wakanipa nafasi. Nisamehe kwa maneno yangu ya Aprili.

Mama ametoka hospitali. Anapumua kwa tundu dogo shingoni, tunalifunika kwa kitambaa cheupe. Anakula uji na supu, anatembea mpaka mlangoni na kurudi. Anaandika kwenye ubao mdogo wa chaki, mwandiko wake unajua ulivyo, herufi kubwa kubwa kama za kwenye kichwa cha treni. Kile kifaa alikijaribu mara moja. Kikasema "Habari za asubuhi" kwa sauti nyororo ya mtangazaji wa runinga. Akakizima, akaandika ubaoni: SIMJUI HUYU. ASINISEMEE.

Juzi daktari aliniita peke yangu chumbani kwake. Aliyoniambia sitaandika humu.

Barua yako nilimsomea Mama yote, sikuruka kitu. Nilipofika pale penye spika na mfupa wa sikio alishika mkono wangu nisiendelee, tukakaa. Baadaye akaniashiria nimalizie. Nilimwuliza kama niisikilize ile sauti nikuandikie kama ulivyoomba. Nilikuwa nimeshashika hedifoni. Alitikisa kichwa. Akachukua kalamu, akaionyesha barua hii, akasema kwa midomo tu, "Nipe." Haya ya chini ni yake.

Mpwa wako.

Waya,

Yale niliyoyasema niliyasema ili yasikiwe. Nikiyaandika yatakuwa mengine, nimejaribu leo asubuhi nimeona. Usimsumbue mtoto.

Nilikuwa nadhani umenichoka. Nimefurahi kwamba ni uziwi. Mungu anisamehe, nimefurahi kweli, halafu nikalia.

Mtoto amekuambia daktari kasema kitu. Mimi sikuambiwa, ila nimemwona anavyoosha vyombo, nimeelewa.

Usimngoje huyo daktari wa kampuni. Hapa hakuna cha kutengeneza. Njoo mikono mitupu.